Watoto wa Kofia

1

Gwantwa aliingia ofisini kwa Sekela Mwakipesile Jumatatu asubuhi akiwa amevaa sare ya shule. Nyuma yake aliingia mama yake mlezi, Enesia, fundi cherehani wa pale pale Tukuyu, mkono wake wa kulia umefungwa hogo jeupe la plasta kuanzia kiganjani hadi kiwikoni.

"Shikamoo, dokta," Gwantwa alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Karibu uketi."

Hakuketi. Alisimama kando ya mlango, mgongo ameubana ukutani, kama alivyozoea kusimama katika kila chumba alichoingia. Sekela aliijua tabia hiyo. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akimfuatilia binti huyu kupitia bangili ya mapigo, ambayo watoto waliotibiwa baada ya maporomoko ya Ibwela walivalishwa na ambayo sheria haikuruhusu ivuliwe kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Moyo wa Gwantwa ukienda mbio popote pale, Sekela aliona kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Haya, niambieni. Jumamosi kulikuwa na nini?"

Enesia ndiye aliyejibu. "Matokeo yalitoka, dokta. Amepata daraja la kwanza. Alikuwa anaosha vyombo, nikaenda kwa nyuma nikamkumbatia. Miaka yote nakumbuka kwamba huyu hashikwi kwa nyuma, siku hiyo furaha ikanisahaulisha." Aliutazama mkono wake. "Akanipindua. Nikasikia mfupa unalia."

"Sikukusudia, mama."

"Najua, mwanangu. Nani kasema umekusudia?"

"Lakini nilifanya." Gwantwa akamgeukia Sekela. "Dokta, nina swali. Kuna watu wanaozaliwa wabaya?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kwa sababu wenzangu wana sababu. Darasani kwetu kuna msichana, baba yake alikuwa anampiga vibaya. Akilipuka, wote tunajua kinatoka wapi. Mimi sijapigwa. Mama hajanigusa hata kwa ufagio. Na Ibwela yenyewe nimeambiwa nilikutwa kwa jirani, nimelala, sina hata mchubuko. Kwa hiyo mimi sina sababu. Ni mimi tu. Ndivyo nilivyo."

Kulikuwa na jibu la kusema. Taasisi ya Tulizo iliwafundisha wote jibu hilo, kuhusu ubongo wa kijana na mabadiliko ya umri. Sekela alianza kulitoa, akaliacha. Akajifanya anasoma kitu kwenye kioo.

"Mkurugenzi amependekeza tiba ya pili," alisema mwishowe. "Ijumaa. Kofia ya sasa ni nyepesi, haichukui hata saa moja."

"Itamwondolea hii hofu?" Enesia aliuliza.

"Itaipunguza."

"Basi nitasaini, hata kwa mkono wa kushoto."

Gwantwa alikuwa bado anamtazama Sekela. "Itaondoa nini, dokta? Mimi hakuna ninachokumbuka. Mtatoa nini humo?"

Sekela alisema atamweleza siku hiyo ya Ijumaa. Walipoondoka, alifunga mlango akakaa kwa muda mrefu, mikono ameiweka juu ya meza kama mtu aliyeambiwa asiisogeze.

2

Miaka kumi na mitatu nyuma, mvua ilinyesha siku tisa bila kukatika kwenye miteremko iliyo juu ya mji. Alfajiri ya siku ya kumi, ubavu wa mlima uliachia na kukifunika kijiji cha Ibwela. Waokoaji walitoa watoto arobaini na wawili wenye umri chini ya miaka sita. Arobaini na mmoja kati yao walivalishwa kofia ya tulizo, na ndiyo maana hadi leo watu wa Tukuyu huwaita watoto wa kofia.

Sekela ni mmoja wa waliobuni kofia hiyo. Ilifanya kazi hivi. Mtu akikumbuka jambo, kumbukumbu yake hulegea, na kwa muda wa saa sita hivi hubaki laini kabla ya kushikana tena mahali pake. Dawa ikiingia ndani ya saa hizo, kumbukumbu haishikani, inayeyuka. Kofia ilionyesha ni chembe zipi za ubongo zilizokuwa zinawaka wakati mtoto akisimulia, ikaelekeza dawa hapo tu. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtoto asimulie. Ilikuwa lazima mtu aketi mbele yake, amwulize, na amsikilize mpaka mwisho.

Mtu huyo alikuwa Sekela. Kwa siku tatu, ndani ya hema la buluu lililosimikwa kwenye uwanja wa shule, aliwasikiliza watoto arobaini na mmoja. Kila mmoja alimpa habari yake, akatoka bila hiyo habari. Walitoka wakiomba uji. Picha zao wakicheka zilizunguka nchi nzima, na watu waliokuwa wanalia majumbani walipangusa machozi.

Tatizo ni kwamba kofia haikujua kuchagua. Kilichowaka pamoja kiliondoka pamoja, ngurumo ya mlima na sauti ya mzazi. Sekela alilifahamu hilo tangu majaribio ya panya maabarani. Aliliandika kwenye ripoti, ukurasa wa mia na kumi, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Gwantwa alikuwa wa thelathini na tatu. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Alisimulia bila kulia, akiangalia magoti yake. Alipomaliza, Sekela akiwa ameshamwekea kofia na kidole kikielekea kwenye kitufe, mtoto aliinua mikono miwili akaishika ile kofia.

"Usimtoe mama," alisema.

Baadaye Sekela alijaribu kujiambia kwamba hakuelewa. Alielewa. Nje walikuwa wamebaki watoto wanane, na dawa iliyokwisha kuchanganywa ilikuwa imebakiza saa chache iharibike. Alivibandua vile vidole kimoja kimoja, akabonyeza.

Jambo hilo hakuliandika kwenye ukurasa wowote, wala kwa herufi za ukubwa wowote.

Mwaka haukuisha kabla bangili hazijaanza kusema. Mvua ikinyesha, mioyo ya watoto ilipanda hadi mapigo mia na sitini, ilhali wenyewe walikuwa wanacheza na ukiwauliza wanasema hawaogopi kitu. Mwili ulikuwa umejiwekea nakala yake mahali ambapo kofia haikufika. Sekela aliandika: "Itapungua na umri." Haikupungua. Walipofika ujana, wengine waliacha shule, wengine wakaingia kwenye pombe, wawili walijaribu kujiua. Na wote, alipozungumza nao, walikuwa na maneno ya aina moja. Mtu mwenye hofu isiyo na chanzo huishia kuamini kwamba chanzo ni yeye.

3

"Unataka kumwambia," alisema Mkurugenzi Rweyongeza. Hakuwa anauliza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kumenya chungwa huku akizungumza, na siku hiyo ya Jumanne alimenya moja lote bila kula hata kipande.

"Nataka aambiwe."

"Kifungu cha saba cha sheria ya kofia kinasema nini?"

"Anayefichua alichosimulia mtoto chini ya kofia anapoteza leseni na kufungwa miaka mitatu."

"Na nani aliyetushauri tukiweke?"

"Mimi," Sekela alisema. "Niliogopa watu wangewaambia na kuharibu tiba. Nilikosea."

"Labda. Lakini fikiria pia upande huu. Ukimwambia, humrudishii kumbukumbu. Unampa habari ya kutisha tu, juu ya mtoto mwenye jina lake. Hatujui itamfanya nini."

"Hata mwanzo hatukujua, Mkurugenzi. Tulifanya."

"Kofia mpya itamtuliza."

"Itatuliza mapigo. Grafu yetu itanyooka. Yeye ataendelea kuamini amezaliwa mbaya, tena safari hii atakuwa mtulivu wakati anaamini hivyo."

Rweyongeza alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole hadi kidole. "Dokta Sekela, nikuulize kama rafiki. Unataka kumsaidia yule binti, au unataka kupata pumzi wewe?"

Sekela aliinuka. Swali hilo alitoka nalo ofisini, akala nalo, akafua nalo. Kila alipodhani amepata jibu safi, alilikuta lina doa.

4

Mtoto wa arobaini na mbili aliitwa Lugano. Hakuwahi kuvaa kofia wala bangili, kwa hiyo katika vioo vya taasisi hakuwepo kabisa. Jumatano Sekela alikwenda kumtafuta shangazi yake, Atuganile, mwenye mashine ya kusaga nje kidogo ya mji.

Atuganile alizima mashine akatoka nje, nyusi zimejaa unga. Hakuficha kwamba anapotezewa muda.

"Wewe ndiye wa lile hema," alisema.

"Ndiyo, dada. Nimekuja kuuliza kwa nini siku ile ulikataa."

"Unataka niseme nilikuwa na akili kuliko nyinyi? Sikuwa nayo. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania gauni langu, na nyinyi mlisema lazima aingie peke yake. Nikasema basi, haingii. Ndiyo hivyo tu."

"Na baadaye ulifanya nini?"

"Nifanye nini? Nilikaa naye. Akawa anasimulia. Mlima, kelele, baba yake. Mvua ikinyesha anaanza upya toka mwanzo, na mimi nasikiliza upya. Miaka mitatu, dokta. Kuna siku nilitamani kuziba masikio." Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mwaka wa tatu akasema kwamba baba yake alivua koti lake akamvalisha yeye. Hilo la koti hakuwahi kulisema kabla. Nikamwuliza, mbona leo? Akasema, 'Lilikuwa nyuma ya yale mengine.'"

"Sasa hajambo?"

"Usije ukaandika amepona. Anapata kigugumizi. Mvua kubwa ikija hasomi, anakuja kukaa hapa na mimi. Ananiambia, 'Shangazi, ni ile mvua.' Namwambia, 'Hapana, hii ni ya leo.' Tunakaa mpaka iishe, anarudi kwenye vitabu vyake. Anataka kuwa fundi umeme." Akaushika mlango wa mashine. "Kuna watu wanasubiri unga wao."

Sekela alirudi kwa miguu. Na yeye aliwahi kusikiliza. Aliwasikiliza wote arobaini na mmoja, kwa makini kuliko mtu yeyote duniani, na kila mara aliondoka na alichosikia.

5

Alhamisi alasiri alibisha hodi kwa Enesia. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea: mashine mbili, vitambaa vimetundikwa, gauni la harusi halijatiwa mikono. Gwantwa alikuwa kwenye kigoda karibu na ukuta, akimtolea mama yake nyuzi ambazo mkono wenye hogo haukuweza kuzitoa.

Sekela aliwaeleza kwanza sheria inasema nini, na kwamba anaivunja. Kisha akamgeukia Gwantwa.

"Hukukutwa umelala. Tulidanganya. Ninajua kilichokupata kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia. Ukitaka nitakueleza. Ukisema hapana, naondoka, na sitakulaumu."

Gwantwa aliweka nyuzi chini. "Mama abaki?"

"Ni vizuri abaki."

"Basi sema."

Sekela alisema. Hakupunguza wala hakupamba.

"Mama yako mzazi aliitwa Tumpe. Tope liliwakuta jikoni. Yeye lilimfika kifuani, likamshika hapo. Alikuinua juu ya hilo tope, mgongo wako kwenye kifua chake, akakuzungushia mikono kwa nyuma. Alikushika hivyo tangu alfajiri mpaka saa tisa mchana. Alikuwa anaogopa ukilala utateleza, kwa hiyo akawa anakuambia umtajie kuku wenu kwa majina. Ukimaliza anasema, taja tena. Unataja tena. Wakati fulani akaacha kusema."

Enesia alikuwa ameziba mdomo kwa mkono mzima. Bangili ya Gwantwa iliwaka nyekundu, lakini yeye hakutikisika.

"Waokoaji walipofika, alikuwa ameshafariki. Mikono yake ilikuwa imekaza. Ilibidi watu wawili waifungue. Wewe ulikuwa bado unataja kuku."

"Walikuwa wanaitwa nani?"

"Mwalimu. Bibi Harusi. Redio. Na mmoja mdogo, Kishungi."

"Redio," Gwantwa alirudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

"Kuna jambo moja zaidi," Sekela alisema. "Nilipokuwekea kofia uliishika kwa mikono yako. Ukaniambia, usimtoe mama. Nilikusikia, Gwantwa. Nilielewa. Nikakubandua vidole nikaendelea."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakafika mbali.

"Kwa hiyo nilikuwa naye," Gwantwa alisema. "Amekufa, lakini nilikuwa naye. Mpaka pale hemani."

"Ndiyo."

"Na mimi nilisema."

"Ulisema."

"Sikusamehe, dokta."

"Sikuja kuomba msamaha."

"Lakini ulikuwa unautaka."

Sekela alitaka kukana, akashindwa. "Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nautaka."

Gwantwa alimgeukia Enesia. "Na wewe ulijua?"

"Sikujua, mwanangu. Hata mimi niliambiwa ulikutwa umelala. Ningejua ningekuambia, hata wangenifunga."

Ndipo binti alipolia. Hakulia kwa sauti kubwa. Alijikunja mbele, paji la uso likagusa magoti, akatetemeka mwili mzima, na ilichukua muda mrefu. Enesia hakumshika. Alisogeza kiti chake, akakaa mahali ambapo Gwantwa akiinua uso angemwona, akangoja. Sekela alisimama aondoke, Enesia akamwashiria kwa kichwa akae. Akakaa. Aliona hiyo ndiyo adhabu yake ya kwanza, nayo ilikuwa ya haki.

Hatimaye Gwantwa aliinua kichwa. "Mama. Kwa hiyo sikuzaliwa hivi."

"Hapana. Hukuzaliwa hivi."

"Ni mtu alikuwa amenishika asiniachie."

"Ndiyo."

Alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha bitana kilichokuwa karibu. Akamtazama Sekela kwa macho mekundu, bila upole.

"Wale wenzangu arobaini. Nao waliambiwa walikutwa wamelala?"

"Wote."

"Basi nenda kwao. Lakini uwaulize kwanza, kama ulivyoniuliza leo. Na asiyetaka umwache."

6

Ijumaa kofia ilibaki bila kichwa. Enesia alipeleka taarifa kwamba hatasaini. Asubuhi hiyo hiyo Rweyongeza alikuta mezani pake barua ya Sekela, kurasa mbili, inayoeleza alichofanya Alhamisi na alichofanya miaka kumi na mitatu kabla yake. Aliisoma mara mbili. Alimwita, akamwambia kwa masikitiko kwamba hana namna. Shauri lingesikilizwa baada ya siku kumi na tisa. Alimtaka arudishe funguo. Kioo cha mapigo kilifungwa, na kwa mara ya kwanza tangu wakiwa wadogo, Sekela hakujua mioyo ya wale watoto inakwendaje.

Rweyongeza angeweza kumzuia asitoke mjini. Hakufanya hivyo, na hakueleza kwa nini.

Kufikia wiki ya pili Sekela alikuwa ameshafika kwa kumi. Sita walisema wanataka kujua. Hakuwaambia mpaka kila mmoja alipoleta mtu wa kukaa naye: bibi, mwalimu, mjomba, na mmoja alimleta rafiki yake wa bweni. Msichana mmoja alimtemea mate. Mvulana mmoja alicheka kwa muda mrefu, kisha akaomba asimuliwe tena toka mwanzo. Watatu walisema wapewe muda. Mmoja hakuwa tena nyumbani. Alikuwa gerezani mbali, na Sekela aliandika jina la gereza kwenye karatasi, akijua huenda yeye mwenyewe angefungwa kabla hajafika huko.

Wa kumi na moja aliitwa Ipyana. Alimkuta kwenye mazoezi ya mpira, kijana mwembamba anayecheza pembeni, wenzake wanampigia kelele wakicheka. Aliitwa, akaja akitweta, akamwamkia. Sekela alimweleza yeye ni nani na amekuja na nini.

Ipyana alisikiliza, mikono kiunoni.

"Naweza kukataa?" aliuliza.

"Unaweza."

"Basi hapana, dokta. Siyo sasa." Alitazama uwanjani kisha akamrudia. "Nalala vizuri. Kuna siku naamka vibaya, namwendea mama mkubwa chumbani kwake, ananiachia nafasi nakaa mpaka ipite. Haniulizi kitu. Jumapili tuna mechi. Sitaki kitu kipya kichwani."

Sekela alikuwa nayo habari yake yote. Mtoto huyu alisimulia kwa dakika kumi na nne, na ndani ya dakika hizo mlikuwa na pacha wake, na wimbo, na mlango wa kabati. Miaka kumi na mitatu hakuna siku iliyopita bila Sekela kuusikia ule wimbo. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Angeweza kuyaweka chini hapo, kwenye majani ya kando ya uwanja, na kuondoka mwepesi.

"Sawa," alisema.

"Nikibadilisha mawazo nitakupata wapi?"

"Huenda nisiwe nyumbani. Nitakuandikia anwani ya mdogo wangu. Barua itanifikia popote nilipo."

Alichana kipande cha karatasi, akaandika, akampa. Ipyana alikikunja akakiingiza ndani ya soksi, akamshukuru, akakimbia kurudi uwanjani. Mtu alimpigia pasi ndefu kabla hata hajafika nafasi yake. Aliituliza kwa kifua.

Sekela aliushika mkoba wake, akaanza kupanda njia ya kwenda kwa mtoto wa kumi na mbili, dakika kumi na nne za Ipyana zikiwa bado ndani yake.